Kukoma kwa Hedhi na Lugha Yake: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kueleza mwanzo wa utu uzima wa mwanamke. Msichana aonapo damu kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Akiwekwa ndani huitwa mwali. Anayemfunda huitwa somo, kungwi au nyakanga, na mafunzo yenyewe huitwa unyago. Akishaolewa akajifungua, huitwa mzazi, na damu inayofuata uzazi ina jina lake, yaani nifasi. Asiyezaa naye amepewa jina: tasa au mgumba. Hata mwanamke aliyefiwa na mume ana jina, ana muda wa kukaa ndani, na muda huo unaitwa eda.

Mwisho wa hedhi haukupata hazina kama hiyo. Hauna sherehe, hauna mwalimu, wala hakuna nomino ya kila siku ya kumtaja mwanamke aliyeufikia. Maneno ajuza, bikizee na kikongwe hutaja umri na sura ya mtu. Hayasemi lolote kuhusu kilichotokea ndani ya mwili wake, tena mwanamke wa miaka 48 anayelima shamba lake la korosho hawezi kuitwa kikongwe bila kukasirika. Kinachobaki ni vitenzi: hedhi imekoma, damu imekata, haendi tena mwezini.

Mhadhara huu unajadili vitenzi hivyo na ukimya unaovizunguka, kwa kuzingatia wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Hoja kuu ni kwamba namna ya kuutaja mwisho wa hedhi ina athari katika uamuzi wa mwanamke kuhusu mwili wake: lini anyamaze, lini amwambie mwenzake, na lini aende zahanati. Uchunguzi wa msamiati huu kwa hiyo unagusa isimu na pia uhai wa watu.

2.0 Mahali na watu wake

Nachingwea inajulikana katika historia kwa mambo mawili. La kwanza ni mradi wa karanga wa serikali ya Waingereza, ulioanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea na kuvunjika mwaka 1951. La pili ni kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao FRELIMO iliwafunza huko katika miaka ya 1960 na 1970. Ruangwa, jirani yake, ni nchi ya korosho, ufuta na mihogo kama ilivyo Nachingwea. Katika wilaya zote mbili sehemu kubwa ya kilimo hutegemea jembe la mkono, na mkono huo mara nyingi ni wa mwanamke.

Kilugha, eneo hili ni makutano. Kimwera, ambacho Guthrie alikipa alama P22, kinapakana na Kiyao (P21), Kimakonde (P23), Kimakua (P31) na Kingindo (P14). Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wa lugha hizo sokoni, shuleni na katika vituo vya afya. Wamwera, Wayao, Wamakonde na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa mama. Waislamu na Wakristo wanaishi pamoja, mara nyingi katika familia moja.

Kusini-mashariki mwa Tanzania pameandikwa sana kwa habari za jando na unyago. Karl Weule alisafiri katika nchi hii mwaka 1906 na kueleza sherehe za wasichana. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alijulikana kwa jitihada za kuziingiza sherehe hizo katika Ukristo. Lyndon Harries, aliyechapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950, aliandika pia kuhusu jando la Wamakonde. Miongoni mwa Wayao hutajwa chiputu cha wasichana, na litiwo la mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Mpangilio huo unadhihirisha jambo moja: jamii iliweka alama katika kila mlango wa kuingilia uzazi, na mlango wa kutokea ukaachwa wazi bila alama.

3.0 Vitenzi vya mwisho

Semi za Kiswahili zinazohusu mwisho wa hedhi zinaweza kupangwa katika makundi manne kwa kuangalia kitenzi na kiima chake.

Kundi la kwanza ni la kituo: hedhi imekoma, siku zimekwisha. Kiima ni damu au siku, na mwanamke hatajwi kabisa. Kundi la pili ni la ukataji: damu imekata, damu imekatika. Hapa pana sura ya kitu kilichokuwa kikitiririka kikazuiwa ghafla, kama maji ya bomba. Sura hiyo hailingani na ukweli wa mwili, kwa maana kwa wanawake wengi hedhi huyumba kwa miaka kadhaa kabla ya kukoma: huja mapema, huchelewa, huwa nyingi, huwa chache. Mwanamke anayengoja damu yake ikate mara moja huona kuyumba huko kuwa ni ugonjwa.

Kundi la tatu ni la ufungaji: kizazi kimefunga. Kundi hili lina utata unaostahili kuangaliwa kwa makini. Katika kliniki za uzazi wa mpango, kufunga kizazi ni upasuaji ambao mwanamke anauchagua. Kwa hiyo "kizazi kimefunga" na "amefunga kizazi" ni mambo mawili tofauti, na tofauti yote imebebwa na kiima. Katika la kwanza mwili umetenda wenyewe. Katika la pili mwanamke ameamua. Muuguzi anayesikiliza kwa haraka anaweza kuandika la pili mahali pa la kwanza.

Kundi la nne ni la ukanushi: haendi mwezini, haoni siku zake. Semi hizi ndizo zenye tafsida zaidi, na ndizo zenye utata zaidi. Mwanamke wa miaka 25 akisema haoni siku zake, msikilizaji hufikiria mimba. Mwanamke wa miaka 46 akisema maneno yale yale, maana yake inaweza kuwa mimba au mwisho wa hedhi, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui ni ipi. Lugha haimsaidii kutenganisha. Wapo wanaodhani kwamba wakishakosa siku miezi mitatu au minne hawawezi kushika mimba tena, wakaacha njia za uzazi wa mpango. Kumbe katika kipindi hicho cha kuyumba mimba bado inawezekana, na mimba ya umri huo ina hatari kubwa zaidi kwa mama. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa hedhi imekoma pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, pasipo sababu nyingine. Kwa wanawake wengi duniani jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55.

Inafaa kukumbuka kwamba neno la kitaalamu linalotumiwa katika lugha za Ulaya halikutoka mbali na fikra za Kiswahili. Daktari Mfaransa Charles de Gardanne, aliyelitumia katika kitabu chake cha mwaka 1821, aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya mwezi na jingine kukoma. Bibi wa Ruangwa asemaye kuwa ameacha kwenda mwezini anatumia sitiari ile ile bila kuiazima kwa yeyote, kwa sababu katika lugha nyingi za Kibantu neno moja hutaja mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, na hedhi ikapimwa kwa vyote viwili. Kwa upande wa Kiarabu hali ni tofauti. Istilahi inayotumiwa humo ina maana ya umri wa kukata tamaa, yaani kukata tamaa ya kuona hedhi au kupata mtoto. Kiswahili kilichukua hedhi, nifasi na ajuza kutoka Kiarabu, lakini sitiari ya kukata tamaa haikuingia katika usemi wa kila siku.

4.0 Nani husema na nani

Ukimya kuhusu mwisho wa hedhi una kanuni zake. Katika jamii nyingi za Waswahili na za kusini mwa Tanzania, mama na binti hustahiana katika mambo ya mwili. Ndiyo maana mwali hakufundwa na mama yake mzazi; alifundwa na somo, au aliambiwa na bibi, kwa kuwa bibi na mjukuu wana utani. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri kwa msichana, kwa sababu daima palikuwa na mkubwa wake aliyekwisha kupita njia hiyo na mwenye idhini ya kusema.

Mwanamke wa miaka 50 hana mtu wa namna hiyo. Somo wake huenda amekwisha kufariki au amezeeka sana. Mama yake ni mtu wa kustahiwa. Binti yake naye ni wa kustahiwa. Mjukuu anaweza kutaniwa, lakini ni mdogo mno kuelewa. Wanaobaki ni wanawake wa rika lake, ambao nao hawakufundwa jambo hilo na mtu yeyote. Mazungumzo yao, yawe kisimani, shambani au penye shughuli ya msiba, huwa ya kulinganisha dalili na kufarijiana, na mara nyingi huishia katika kauli moja: "Ni utu uzima tu."

Kauli hiyo ina uzito. Mtu mzima katika Kiswahili ni mtu aliyekamilika, na methali yasema kuwa utu uzima dawa. Kwa kuuita mwisho wa hedhi utu uzima, wanawake wanaupa heshima na kuuondoa katika orodha ya maradhi, jambo ambalo ni la busara. Lakini kauli hiyo hiyo hufunga mazungumzo. Ikishatamkwa, hakuna swali la pili. Maumivu ya viungo, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, ukavu na maumivu wakati wa kujamiiana, vyote huingizwa katika utu uzima, pamoja na vile ambavyo vingeweza kutibiwa.

Methali nyingine inaonyesha mpaka wa idhini ya kusema: mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba haya lazima iwekwe kando pale ambapo faida ni kubwa, na faida iliyotajwa ni uzazi. Mkunga huruhusiwa kuona na kuambiwa kwa sababu mtoto anatakiwa. Mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuzaa amepoteza sababu hiyo. Akivua haya yake mbele ya muuguzi, hana mtoto wa kumwonyesha kuwa ndiye aliyemfanya avue.

Ichukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke wa miaka 51 anafika zahanati. Muuguzi ni kijana wa umri wa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unasumbuliwa na nini, mama?"

"Mwili tu, mwanangu. Unawaka. Usiku silali."

Salamu na majina ya ukoo yametimiza wajibu wa adabu, na kwa kufanya hivyo yamewaweka wawili hao katika nafasi ya mama na mwana, yaani nafasi ya kustahiana. Mama hatasema neno hedhi. Muuguzi, akiwa na adabu, hatauliza. Mwili unaowaka utapimwa malaria, kisha presha, na mama atarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyekosea kwa kipimo cha adabu; kilichokosekana ni njia ya lugha inayoweza kupita juu ya adabu bila kuivunja.

5.0 Joto na majina yake

Dalili inayotajwa zaidi duniani kuhusu kipindi hiki ni joto la ghafla linalopanda kifuani, shingoni na usoni, likifuatiwa na jasho. Husababishwa na kupungua kwa homoni ya estrojeni itokayo katika ovari, ambako kunavuruga sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Hudumu dakika chache na huweza kurudi mara nyingi kwa siku, kwa miaka kadhaa.

Hata hivyo, namna dalili hii inavyosikika na kutajwa hutofautiana kati ya jamii na jamii. Margaret Lock, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alionyesha kwamba wanawake wa Japani walitaja joto hilo mara chache kuliko wale wa Marekani na Kanada, na kwamba neno la Kijapani la kipindi hicho hutaja mpito mrefu wa umri, ambao kukoma kwa hedhi ni sehemu yake ndogo tu. Yewoubdar Beyene, katika kitabu cha mwaka 1989, alieleza kwamba wanawake wa Kimaya aliowachunguza huko Meksiko hawakutaja joto hilo kabisa, ilhali wale wa kijiji cha Ugiriki walilitaja. Chakula, idadi ya uzazi, kazi na hali ya mwili huchangia, lakini lugha nayo ina sehemu yake: dalili isiyo na jina huhesabiwa chini ya jina la jirani yake.

Huko Nachingwea na Ruangwa, joto lina majirani wengi. Katika miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, kila mtu hutokwa na jasho. Malaria ni ya kawaida, nayo huanza kwa homa. Presha imekuwa neno la kila nyumba. Kwa wale wanaoamini pepo, joto linalopanda ghafla na moyo kwenda mbio ni dalili zinazoweza kutafsiriwa kuwa mtu amepandwa. Joto la kukoma kwa hedhi lina nafasi ndogo ya kutambuliwa katikati ya majina hayo.

Na bado Kiswahili hakina umaskini hapa. Kina joto, hari, moto, vuguvugu na fukuto. Fukuto, lililo la kitenzi fukuta, hutaja joto linalochemka ndani bila kuonekana nje. Muuguzi anayemuuliza mama kama anapatwa na fukuto la ghafla, linalokuja na kuondoka hata wakati wa baridi ya usiku, ameuliza swali la kitabibu bila kutaja damu wala uchi.

6.0 Faida za kuvuka

Ingekuwa kosa kuueleza mwisho wa hedhi kwa hasara peke yake. Kwa mwanamke Mwislamu, kukoma kwa hedhi kuna maana ya kufunga mwezi wote wa Ramadhani bila kubakiwa na siku za kulipa, na kusali kila siku bila kukatiza. Sheria ya Kiislamu imemtambua waziwazi: eda ya aliyetalikiwa, ambayo kwa mwenye hedhi huhesabiwa kwa mizunguko yake, kwa asiyetarajia hedhi tena ni miezi mitatu. Hapo mwanamke huyu ana hukumu yake maalumu, hata kama hana jina katika mazungumzo ya sokoni.

Kwa upande wa mila, miiko mingi ya hedhi huisha. Miongoni mwa Wayao na baadhi ya jamii za ukanda huu, mwanamke aliye katika siku zake hakutia chumvi katika chakula cha wengine. Kwa mantiki ya mwiko huo, aliyekoma hedhi ni mkono salama wakati wote. Katika ukoo wa mama, mwanamke mkubwa ni shina la nyumba. Wajukuu wa binti zake ndio ukoo wenyewe, na heshima yake haikomi pamoja na hedhi.

Tanzania imechangia katika mjadala wa kisayansi juu ya suala hili hili. Kristen Hawkes na wenzake, kwa kuwachunguza Wahadzabe wa eneo la ziwa Eyasi, waliona kuwa bibi waliopita umri wa kuzaa walichimba mizizi kwa bidii kubwa na kuwalisha wajukuu. Kutokana na hilo, katika makala ya mwaka 1998, walitetea nadharia kwamba maisha marefu ya binadamu baada ya uzazi yalijengwa na kazi ya bibi. Nadharia hiyo bado inajadiliwa, ila inakubaliana na jambo ambalo watoto wengi wa kusini waliolelewa kwa bibi hawahitaji kuthibitishiwa.

7.0 Damu inayorudi

Penye hatari kubwa ni hapa. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima au zaidi, kisha akaona damu, anaweza kusema kwamba siku zake zimerudi. Kitenzi kurudi kinaifanya damu hiyo kuwa ya zamani, inayojulikana, pengine hata ya kufurahiwa kama dalili ya ujana. Kwa tabibu, damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukomo inapaswa kuchunguzwa, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kusambaa.

Lugha ina uwezo wa kuokoa hapa, kwa sababu tofauti inayotakiwa imo tayari katika Kiswahili cha madarasa ya dini. Wanawake waliosoma fikihi wanajua kuwa ipo hedhi, ipo nifasi, na ipo istihadha, yaani damu ya ugonjwa. Wanazuoni wana hukumu zao kuhusu sala na funga, nazo ni za kwao. Kwa mahitaji ya afya inatosha kwamba kundi la tatu lipo na linaeleweka: si kila damu ni ya mwezi. Mhudumu wa afya akisema "damu ya ugonjwa" badala ya "hedhi iliyorudi," ametumia maneno ambayo bibi ataweza kuyarudia kwa mwenzake bila aibu.

Mfumo wa takwimu nao umechangia ukimya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, kuanzia ule wa 1991–92 hadi ule wa 2022, huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Umri huo umechaguliwa kwa sababu za uzazi na una mantiki yake. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anapofika miaka 50 sauti yake hutoka katika hesabu hiyo, ilhali anaweza kuishi miaka 20 na zaidi.

8.0 Istilahi ipi?

Katika maandishi ya afya ya miaka ya karibuni limeenea neno ukomohedhi, linalounganisha ukomo na hedhi. Ni istilahi fupi, na asili yake inaeleweka. Lina kasoro moja ya kimatamshi: kwa sikio lisilolizoea, ukomo liko karibu na ukoma, jina la ugonjwa uliobeba unyanyapaa wa karne nyingi, na irabu moja tu ndiyo inayotenganisha. Katika maandishi kasoro hiyo ni ndogo. Katika zahanati, mbele ya mwanamke asiyesikia vizuri, si ndogo. Menopozi, neno la mkopo linalosikika mijini, halina kasoro hiyo, lakini halimwambii chochote asiyelijua.

Njia iliyo salama ni kuyaacha maneno yagawane kazi. Ukomohedhi litumike katika vitabu, kamusi na mafunzo ya wauguzi. Katika mazungumzo, kukoma kwa hedhi na kuacha kwenda mwezini vinatosha, mradi msemaji aongeze kipimo cha muda: mwaka mmoja kamili bila kuona damu. Kipimo hicho ndicho kinachokosekana katika vitenzi vyote vilivyojadiliwa, na ndicho kinachotenganisha mimba, mpito, ukomo na ugonjwa.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kinautaja mwisho wa hedhi kwa vitenzi vya kukoma, kukata, kufunga na kukanusha, na kwamba vitenzi hivyo vinamficha mwanamke, vinachanganya ukomo na mimba, na vinaweza kuipa damu ya ugonjwa sura ya ujana uliorejea. Imeonyeshwa pia kwamba kanuni za kustahiana zinamnyima mwanamke wa umri huo mtu wa kumwambia, na kwamba lugha yenyewe ina maneno ya kuziba pengo hilo: fukuto, damu ya ugonjwa, mwaka kamili.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa isimu ni kukusanya semi za Kimwera, Kiyao, Kimakonde, Kimakua na Kingindo kuhusu jambo hili, kutoka kwa wanawake wenyewe, na kwa wakusanyaji ambao umri na jinsia yao vinaruhusu kuambiwa. Wanawake wanaozijua semi hizo vizuri zaidi ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua; na mara nyingine anayeficha hakukusudia kuficha, bali hakupewa neno.